Namna ya Kuandika Ukurasa wa Mwaka Mmoja wa Historia: Mfano wa 1728

Ukurasa wa mwaka ni maandishi mafupi yanayokusanya matukio makubwa ya mwaka mmoja, pamoja na majina ya watu mashuhuri waliozaliwa au kufariki ndani yake. Walimu wa historia huutumia kuanzishia somo, vilabu vya wanafunzi huubandika ukutani, na wahariri wa kujitolea huuweka mtandaoni kwa ajili ya yeyote anayetafuta. Ukiitazama juu juu, kazi hii ni nyepesi: unachukua orodha ya Kiingereza, unaitafsiri, umemaliza. Kurasa nyingi za Kiswahili zinazohusu mwanzo wa karne ya 18 zimeandikwa hivyo hivyo, na ndiyo maana ukizisoma utadhani pwani yetu ilikuwa usingizini wakati Ulaya ikizaa wanasayansi na wafalme. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine kwa kutumia mwaka 1728, mwaka ambao pwani ya Waswahili ilikuwa na mambo mazito, na ambao tarehe zake zimeandikwa katika kalenda tatu zisizokubaliana. Umeandikwa kwa kumfikiria mtu anayeifanya kazi hii Dar es Salaam, kwa vitabu vinavyopatikana hapa jijini na simu aliyo nayo mfukoni.

Anza na pwani

Kamilisha sehemu ya Afrika Mashariki kabla hujafungua orodha yoyote ya kigeni. Sababu yake si uzalendo peke yake. Anayeanza na orodha ya kigeni huikuta nafasi imeshajaa kabla hajafika kwao, na mambo ya kwao hupachikwa mwishoni kama kiraka.

Tukio kuu la pwani katika mwaka huu ni kurudi kwa Wareno Mombasa. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ilikuwa imetekwa na Waomani Desemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696. Kwa karibu miaka 30 Wareno walibaki Msumbiji na Goa, koloni lao la Bara Hindi, wakiitazama Mombasa kwa mbali. Waliowafungulia mlango ni Waomani wenyewe, kwani baada ya kufa Imamu Sultan bin Saif wa Pili nchi yao iligawanyika katika kambi za Wahinawi na Waghafiri, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa miaka mingi, na mikono yao ya huku pwani ikalegea. Mtawala wa Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, aliyekuwa amechoshwa na Waomani, aliomba msaada wa Wareno. Msafara wa merikebu ukatoka Goa chini ya Luís Melo de Sampaio, na Machi 1728 bendera ya Ureno ikapandishwa tena Mombasa. Haikukaa sana. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa waliasi, na Novemba 1729 kikosi cha Wareno kilisalimu amri na kuondoka. Tangu hapo Ureno haikutawala tena kaskazini ya Rasi ya Delgado.

Angalia jinsi tukio hili lisivyoweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Mwandishi anayeweka "1728: Wareno wanateka Mombasa" na kuishia hapo hajasema uongo, lakini mwanafunzi atakayesoma ataondoka akiamini kwamba huo ulikuwa mwanzo wa utawala wao, ilhali ulikuwa mwisho. Ushauri wangu ni kwamba kila tukio la kisiasa lipewe sentensi tatu: lililotokea, lililolisababisha, na lilivyoisha. Mengine yaende katika makala zinazojitegemea.

Ukifuata chanzo cha tukio hilo utafika Oman, na huko utapata majina ya sehemu ya waliofariki. Muhammad bin Nasir, kiongozi wa Waghafiri aliyekuwa imamu tangu 1724, aliuawa Sohar mwaka huo huo wa 1728, na mpinzani wake Khalaf bin Mubarak alikufa katika mapigano hayo hayo, ndipo Saif bin Sultan wa Pili akarudishwa katika uimamu. Watu hao wawili hawaonekani katika orodha nyingi za mwaka huu. Kwa msomaji wa Tanga, Unguja au Bagamoyo wana uzito kuliko maaskofu na malodi wanaojaza orodha hizo, kwa sababu ugomvi wao ndio ulioamua nani aishike Mombasa.

Dar es Salaam yenyewe haina cha kuingiza katika ukurasa huu, na usiilazimishe. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Kishawishi kikubwa zaidi ni Kilwa. Zipo barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa 1711 na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana. Ni hazina, lakini mahali pake ni katika ukurasa wa 1711. Ukianza kuazima kutoka mwaka wa jirani, hutajua pa kukomea.

Tarehe ni ya kalenda ipi?

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo wengi wanapopita mbio. Mwaka 1728 Wareno, Wahispania na Wafaransa walikuwa wakitumia kalenda ya Gregori, ambayo ndiyo tunayoitumia leo. Waingereza na makoloni yao, pamoja na Warusi, walikuwa bado katika kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 11. Pwani ya Waswahili na Oman walihesabu kwa Hijria. Kwa hiyo ukikuta tarehe, usiulize kwanza kama ni sahihi. Uliza iliandikwa na nani, akiwa wapi.

Mfano mwepesi ni nahodha James Cook, aliyezaliwa kijiji cha Marton, Yorkshire, tarehe 27 Oktoba 1728 kwa Juliasi. Kwa kalenda yetu hiyo ni 7 Novemba. Baadhi ya vitabu vinatoa tarehe ya kwanza, vingine ya pili, na mhariri asiyejua sababu huzozana na mwenzake juu ya kosa lisilokuwepo. Mfano unaofurahisha zaidi ni Joseph Black, mkemia aliyekuja kuitambua hewa ya ukaa kuwa gesi yenye tabia zake. Familia yake ilikuwa ya Kiskoti na Kiayalandi, lakini alizaliwa Bordeaux tarehe 16 Aprili 1728, yaani katika nchi iliyokwisha kuhamia Gregori. Ukimwongezea siku 11 kwa kuwa alikuwa raia wa mfalme wa Uingereza, utakuwa umemhamishia siku isiyo yake.

Uingereza ina mtego mwingine. Mpaka 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari, na hivyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa ndani ya mwaka uliotangulia. Mhubiri Cotton Mather alifariki Boston tarehe 13 Februari ya mwaka tunaouita 1728, ingawa kwa watu wa mji wake mwaka ulikuwa bado 1727, na ndiyo maana maandishi ya wakati ule mara nyingi huweka miaka miwili pamoja, 1727/28. Kinyume chake ni mwanaastronomia James Bradley. Huyu aligundua kwamba nyota huonekana kusogea kidogo mbele na nyuma kila mwaka, si kwa kuwa zinatembea, bali kwa kuwa dunia inasafiri huku mwanga ukichukua muda kufika. Kutokana na hilo akakadiria kwamba mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 na sekunde chache. Alifumbua fumbo hilo 1728, ila barua yake kwa Edmond Halley ilisomwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, katika mwezi ambao Waingereza waliuita Januari 1728 na sisi tunauita Januari 1729. Ugunduzi uweke 1728, na kusomwa kwa barua kuweke katika ukurasa wa 1729.

Hijria haihitaji woga. Fungua kikokotoo cha simu, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.970224, kisha ongeza 621.5774, jibu litakupa mwaka wa Gregori ambao mwaka huo wa Hijria ulianza, na desimali itakuonyesha ulianza sehemu gani ya mwaka. Chukua 1141, mwaka ulio muhimu kwetu kwa sababu utakayoiona punde. Hesabu inatoa 1728.60. Sehemu 0.60 ya siku 366 ni siku ya 220 hivi, na siku ya 220 ya mwaka mrefu ni 7 Agosti. Basi 1 Muharamu 1141, mwezi ambao wazee wa pwani huuita Mfungo Nne, uliangukia mwanzoni mwa Agosti 1728. Mwaka huo wa Hijria ulimalizika mwishoni mwa Julai 1729, maana yake ni siku 147 tu zilizo ndani ya 1728, na zaidi ya 200 zimo 1729. Kwa kuwa mwezi ulitegemea kuonekana, acha nafasi ya siku moja au mbili kila upande.

Utendi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Chuo cha Herekali, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate, umetiwa mwaka 1141. Karibu kila kitabu kinausema kuwa wa 1728, na kurasa za mtandaoni zinarudia bila kusita. Kama umeifuata hesabu hapo juu, unaona kwamba mwaka peke yake, bila mwezi, unaegemea 1729 zaidi kuliko 1728. Usiufute katika ukurasa wako. Uandike "1141 H (1728/29)", na uweke mstari kama huo katika ukurasa wa 1729 pia. Alama moja ya mkwaju inamwambia msomaji ukweli ambao sentensi nzima za wengine zinauficha.

Kuna faida nyingine ya kuhesabu vizuri. Utendi huo unasimulia vita vya Waislamu wa mwanzo dhidi ya Herekali, mfalme wa Warumi wa Mashariki. Ukizipanga tarehe kwa Hijria, Wareno waliingia Mombasa mwaka 1140 na kuondoka 1142, kwa hiyo mwaka 1141 wote, kuanzia Muharamu hadi mwisho wake, ulipita Wareno wakiwa wamerudi pwani. Mshairi wa Pate aliyetunga mamia ya beti juu ya vita na dola ya Kikristo aliifanya kazi hiyo wakati merikebu za dola ya Kikristo zikiwa katika maji ya kwao. Mimi binafsi siamini kwamba jambo hilo ni la bahati tu. Hata hivyo, hiyo ni tafsiri yangu, na katika ukurasa wa mwaka tafsiri haina nafasi: andika tukio, andika utendi, viweke jirani, msomaji ataviona mwenyewe.

Nani anastahili kuingia?

Orodha ya waliozaliwa 1728 ni ndefu, na huwezi kuwaingiza wote. Kipimo ninachokipendekeza ni swali moja: je, msomaji wa Kiswahili amewahi kukutana na kazi ya mtu huyu, hata kama hajui jina lake? Kwa kipimo hicho Johann Heinrich Lambert, aliyezaliwa Mulhouse mwezi Agosti, anaingia bila mjadala, kwani ndiye aliyethibitisha kwamba pai, ile ile ya kutafutia eneo la duara darasani, haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili. Matthew Boulton wa Birmingham, mshirika wa James Watt katika biashara ya injini za mvuke, anaingia pia. Petro wa Tatu wa Urusi, aliyezaliwa Kiel mwezi Februari na kutawala kwa miezi sita tu mwaka 1762 kabla mkewe Katerina hajamwondoa, anapata mstari mfupi kwa ajili ya mkewe.

Kipimo hicho hakitoshi kwa watu ambao hawakuandikiwa tarehe. Rudi kwa Cotton Mather. Jambo kubwa alilowahi kulifanya kwa afya ya watu ni kutetea uchanjaji wa ndui wakati wa mlipuko wa Boston wa 1721, ambapo tabibu Zabdiel Boylston aliwachanja watu wapatao 240 na sita tu kati yao wakafariki, wakati miongoni mwa wasiochanjwa waliougua ndui vifo vilikuwa vingi mno kwa kulinganisha. Maarifa hayo Mather aliyapata kwanza kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, ambaye alimweleza kwamba kwao Afrika Magharibi alichanjwa akiwa mdogo. Mather ana tarehe ya kuzaliwa, ya kufariki na kaburi linalotembelewa. Onesimus hana hata moja inayojulikana, na kwa utaratibu wa kurasa za miaka hawezi kuingia popote. Njia ya kumwingiza ni kumtaja ndani ya mstari wa Mather: "Cotton Mather, mhubiri wa Boston, aliyetangaza uchanjaji wa ndui aliofundishwa na Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake." Maneno machache yanatosha.

Vivyo hivyo kwa safari za uvumbuzi. Vitus Bering, Mdenmark aliyetumikia Urusi, alipita kaskazini Agosti 1728 kati ya Asia na Amerika kwa merikebu ya Mtakatifu Gabrieli, akageuka bila kuiona Alaska kwa sababu ya ukungu. Usiandike kwamba alikuwa wa kwanza kupita. Semyon Dezhnev alipita 1648, ila taarifa yake ilikaa Yakutsk bila kusomwa na wasomi mpaka 1736. Wala usisahau kwamba watu walikuwa wakiishi pande zote mbili za mlango huo wa bahari.

Mambo ya Bara Hindi mara nyingi hurukwa, ingawa watu wetu walifanya nao biashara kila msimu wa kaskazi. Februari 1728 Baji Rao wa Kwanza wa Wamaratha alimshinda Nizam-ul-Mulk wa Hyderabad huko Palkhed, na mwezi uliofuata Nizam akatia saini mapatano ya Mungi-Shevgaon. Hilo ni la kuingiza. Moto wa Copenhagen wa 20 hadi 23 Oktoba uingize kwa sababu ya pekee: uliteketeza zaidi ya robo ya mji, pamoja na maktaba ya chuo kikuu na maelfu ya maandishi yake. Yaliungua humo karibu maandishi yote ya vipimo vya nyota vya Ole Rømer, mtu aliyekuwa wa kwanza kuonyesha kwamba mwanga una mwendo, katika mwaka ule ule ambao Bradley alikuwa akimthibitisha.

Pa kutafutia hapa Dar es Salaam

Anza Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, kwa vitabu vya jumla vya historia ya pwani. Kwa mambo ya ndani zaidi nenda Mlimani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye sehemu maalumu ya Afrika Mashariki. Kama wewe si mwanafunzi, uliza kwanza utaratibu wa wasomaji wa nje ili usipoteze nauli. Nyaraka za Taifa ziache kwa kazi hii, kwa kuwa kumbukumbu zake nyingi zinaanzia enzi za Wajerumani. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, hayatakupa tarehe, lakini vitu vya Kilwa vilivyomo vitakusaidia kuandika kama mtu anayejua anachokizungumzia. Wauza vitabu vya zamani katikati ya jiji nao wasidharauliwe, maana vitabu vya shule vya miaka ya 1970 mara nyingi huieleza pwani kwa urefu kuliko vya sasa.

Ukikuta tarehe moja katika vitabu vitatu, usijipe moyo haraka. Vitabu hunakiliana. Tazama kama vinataja chanzo kimoja. Kama ndivyo, una shahidi mmoja, si watatu. Tarikhi za Pate zilizoandikwa baadaye kutokana na masimulizi ni tamu kusoma na zinafaa kwa majina na visa, lakini miaka yake haiaminiki mpaka ilinganishwe na barua au kumbukumbu za wakati wenyewe.

Kuandika mistari yenyewe

Weka sehemu tatu zilizozoeleka: matukio, waliozaliwa, waliofariki. Tarehe zote ziandike kwa Gregori, kisha mwanzoni mwa ukurasa uweke sentensi moja inayosema hivyo. Tarehe ya asili ifuate ndani ya mabano pale tu inapotofautiana. Mstari wa Cook utakuwa hivi: "7 Novemba (27 Oktoba kwa Juliasi): James Cook, nahodha Mwingereza, aliyeuawa Hawaii 1779." Wa Mombasa utakuwa: "Machi: Wareno wanaitwaa tena Mombasa, waliyoipoteza kwa Waomani 1698, wakitumia mwanya wa vita vya ndani vya Oman, wanafukuzwa Novemba 1729." Katika mstari huo nimeacha siku kwa makusudi. Vitabu vinapotofautiana juu ya siku na kukubaliana juu ya mwezi, mwezi unatosha.

Ukimaliza, mpe ukurasa mtu asiyependa historia, umwombe akuonyeshe jina moja ambalo hakuelewa limeingiaje. Kwa kawaida atalipata, na kwa kawaida litakuwa la mwana wa mfalme fulani wa Ujerumani uliyemtoa katika orodha ya Kiingereza. Lifute, nafasi hiyo umpe Khalaf bin Mubarak.